Ni Pepo au Ugonjwa? Soma Kabla Hujampeleka Mwenzio Kwenye Maombi

Mkeo kajifungua juzi juzi tu. Ghafla halali, anaongea peke yake, anasikia sauti zikimwambia mtoto si wake. Shemeji anasema apelekwe Handeni kwa mganga. Mama mkwe anasema hapana, ni pepo, apelekwe kanisani. Wewe unafanyaje?

Hospitalini hali hiyo inajulikana: ni wazimu wa baada ya kujifungua. Huwapata mama 1 au 2 kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo. Inatibika, lakini ukichelewa, mama au mtoto anaweza kupoteza maisha.

Usidhani kanisa na hospitali ni paka na panya. Wilayani Korogwe, kwenye milima ya Usambara, ipo Hospitali ya Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani wa Bethel waliianzisha mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Iko chini ya KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Pale dawa, kazi za mikono na sala vinakaa nyumba moja.

Wakatoliki nao wana masharti. Padri haruhusiwi kutoa pepo kwa ibada rasmi bila ruhusa ya askofu, na mwongozo wa mwaka 1999 unamtaka asiamini haraka, ashauriane na wataalamu wa tiba inapobidi.

Tahadhari hiyo ina sababu. Huko Ujerumani, Anneliese Michel, binti wa miaka 23 aliyewahi kutibiwa kifafa, alifariki mwaka 1976 kwa kukosa lishe baada ya miezi ya kutolewa pepo. Daktari hakuitwa. Mwaka 1978 wazazi wake na mapadri 2 walitiwa hatiani. Kinachouma ni kwamba walimpenda kwelikweli.

Kwa hiyo, rafiki, ombeni, hakuna anayekataza. Ila mtu akikwambia mgonjwa atupe vidonge, afunge kula, au afungwe kamba mpaka pepo litoke, mchukue mwenzio muondoke. Anzia hospitali ya wilaya, leo leo. Mchungaji mwenye busara atawasindikiza.

Siku ya ndoa uliahidi kuwa naye katika uzima na ugonjwa. Na huu nao ni ugonjwa.