Pongo, ndorobo na homa inayodhaniwa malaria

Pongo akishtuka hubweka kama mbwa, kisha mkia unainuka na weupe wa chini yake unamulika kichakani. Ukiuona weupe huo, msasi, umechelewa. Wamarekani husimulia hayo hayo kuhusu kulungu wao wa mkia mweupe, ingawa hao wawili si ndugu wa karibu. Kulungu dume huangusha pembe kila mwaka akaotesha nyingine zenye matawi. Pongo dume ana pembe mbili za kusokoteka, za maisha. Ikivunjika moja, ndiyo basi. Jike hana kabisa.

Choma ya Igunga, mkoani Tabora, ni nchi ya ng'ombe na pamba. Pongo anataka kichaka kizito karibu na maji, kwa hiyo anayemfuata huishia kwenye miombo, upande wa Sikonge, Kaliua au Urambo, kule kule wanakoingia warina asali. Mchana pongo hulala kivulini, peke yake, na hutoka kula jua likishuka. Kivuli hicho kina mwenyeji mwingine: ndorobo. Nzi huyu huuma mchana, na damu ya pongo ni miongoni mwa vyakula vyake. Msasi anayenyatia humo saa sita mchana ameketi mezani pa ndorobo.

Wapagazi wa karne ya 19 waliijua adha hiyo kwa mabega yao. Pembe za ndovu zilitoka Tabora kwenda Bagamoyo zikibebwa na watu kwa sababu punda na ng'ombe walikufa njiani kwa nagana, ugonjwa wa ndorobo kwa mifugo.

Binadamu hupata malale. Vimelea vya malale ya Afrika Mashariki na baadhi ya vile vya nagana vinafanana kabisa chini ya hadubini, na pongo hubeba vya aina zote bila kudhoofika sana. Je, vya kwake vinaweza kumwambukiza mtu? Mwaka 1958 watafiti nchini Kenya walipata jibu kwa namna ambayo leo ingezua kesi: mtu aliyejitolea alidungwa vimelea vilivyotoka kwa pongo, naye akaugua.

Nyama iliyopikwa haina kosa hapa. Anayeambukiza ni nzi. Pengine uvimbe hutokea alipouma, halafu homa na maumivu ya kichwa na viungo. Vimelea vikifika kwenye ubongo, mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku na kuchanganyikiwa. Asipotibiwa hufa, mara nyingi ndani ya miezi. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani limependekeza vidonge vya fexinidazole kwa malale haya, nafuu kubwa ukikumbuka sindano ya zamani yenye arseniki, ambayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa.

Lakini vidonge vinangoja ugonjwa utambuliwe, na homa hii hudhaniwa malaria. Zamani tone la damu lililotafutwa malaria kwa hadubini liliweza kufichua malale kwa bahati. Kipimo cha haraka husoma malaria tu. Na aliyewinda bila leseni, akijua Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inamngoja, atasema alikuwa shambani. Ningekuwa mimi ninayempima, ningeacha habari za pongo kabisa. Ningemuuliza: ndorobo walikuuma, na lini?