Lazeri na maumivu ya shingo



Hapa Mokambo tunajua maumivu ya shingo. Bamama wanabeba bidoni ya maji na mifuko ya makala ku kichwa. Madereva wanalala ku mupaka ndani ya kamyo, shingo imepinda. Na sisi tunainama juu ya daftari mpaka usiku. Nyama ya shingo inachoka, inakuwa nguvu sawa kamba. Kama inauma kupita miezi 3, ni ugonjwa wa siku mingi.

Waganga wa kinezi, ni kusema wale wanaotunza viungo bila kupasua, wako na dawa moja isiyonywewa: lazeri.

Lazeri ni nini? Ni mwangaza wa rangi moja tu, miali yake inaenda pamoja sawa askari ku parade. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza kule Marekani mwaka 1960. Mwaka 1967, munganga Endre Mester wa Budapest aliangazia panya walionyolewa, kwa kuona kama watapata kansa. Kansa haikutokea, lakini manyoya iliota mbio!

Lazeri ya shingo si ile ya kukata. Iko na nguvu kidogo, haichomi. Munganga anaiweka penye kuuma dakika chache, na mugonjwa anarudia mara kadhaa. Mwangaza unapita ngozi na kupunguza maumivu. Wote wawili wanavaa miwani, juu inaweza kuharibu macho.

Inasaidia kweli? Mwaka 2009, gazeti la waganga The Lancet lilichapisha hesabu ya majaribio 16, wagonjwa 820. Kwa ugonjwa wa siku mingi, nafuu ilidumu mpaka majuma 22 kisha matunzo.

Lakini lazeri haipunguze muzigo. Ukirudia kuinama vilevile, maumivu nayo itarudi. Kwa hiyo asiye na feza asikate tamaa: mazoezi ni ya bure. Weka mukono ku paji la uso, sukuma kichwa bila kukiacha kisogee, hesabu mpaka 5. Fanya vile nyuma na kando pia. Inua kitabu, simama kila nusu saa.

Angalisho: shingo ngumu pamoja na homa kali, mukono kukosa nguvu, ao maumivu kisha kuanguka, usingojee lazeri wala masaji. Kimbia ku lopitalo.

Na jioni, mama akitoka ku maji, tumupokee bidoni. Ile nayo ni dawa, na Mungu ametupa mikono ya kuifanya.