Nyumba za Kambi: Ukuta wa Katikati na Matundu ya Hewa



Kila siku tunapita mbele ya nyumba za zamani za kambi, lakini ni wachache wanaoziangalia vizuri. Leo tuziangalie pamoja.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mji wetu mwaka 1910. Mwanzoni wafanyakazi walilala katika vibanda vibaya, na wengi waliugua. Toka mwaka 1928 kampuni ilitaka watu wakae miaka mingi pamoja na bibi na watoto wao. Kwa hiyo ilihitaji nyumba nzuri zaidi, za matofali. Katika Katanga matofali mengi hutoka katika udongo wa vichuguu, sababu udongo ule unanata, na ukichomwa unakuwa mgumu sana.

Kule Uingereza, wakati wa malkia Victoria (1837-1901), wafanyakazi wa viwanda walikaa katika nyumba zilizoshikana mstari mzima, ukuta mmoja ukitumikia nyumba mbili. Hivyo matofali yalipungua na joto halikupotea sana. Kwetu pia ziko nyumba za mapacha: milango miwili, ukuta mmoja katikati.

Lakini tofauti iko. Wale waliwasha makaa ya mawe ndani, basi walijenga bomba la moshi. Sisi tunasumbuliwa na jua, basi nyumba zetu ziko na baraza, na matundu madogo juu ya ukuta, karibu na dari. Hewa ya moto inapanda, inatoka.

Sasa sikilizeni vizuri. Watu wengi wanaziba matundu yale sababu ya mbu na baridi. Halafu usiku wa mwezi wa sita na wa saba wanaingiza mbabula chumbani. Makala yanatoa hewa yenye sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu analala, haamki tena. Na kama ukuta wa katikati hauendi mpaka kwenye manjanja, hewa ile inaweza kupita juu ya dari na kumfikia jirani.

Tufanye nini? Mbu wazuiliwe na wavu, siyo simenti. Baridi izuiliwe na blanketi. Na hata matundu yakiwa wazi, mbabula ibakie inje.

Mukienda likizo, inua macho uangalie ukuta wa kwenu. Kumpenda jirani kunaanzia pale.