Lijue Ua la Salvia Kabla ya Kulipanda

Nyumba nyingi za vijijini zina maua mbele ya mlango. Mengine yamenunuliwa. Mengi zaidi yameombwa kwa jirani, au yameng'olewa kando ya njia kwa sababu ya rangi yake. Hapo kando ya njia ndipo penye hatari. Liko ua zuri linaloharibu malisho na kuua ng'ombe. Liko na ua jingine zuri lisilo na sumu hiyo. Mche ukiwa bado mdogo, wengi huyachanganya.

Ua lenye sumu ni lantana. Hilo jingine ni salvia. Soma hivi: sal-vi-a.

Namna ya kulitambua

Salvia ni jamii kubwa. Ina aina karibu 1,000 duniani. Ni ndugu wa kivumbasi na mrehani, mimea tunayoijua sote. Basi anza na kivumbasi cha nyumbani kwako. Chuma kijiti kimoja, kizungushe kati ya vidole. Utahisi kwamba shina si la mviringo. Lina pembe nne. Tazama na majani. Hutoka mawili mawili, yakitazamana, na jozi ya juu hupishana na ya chini mfano wa msalaba. Salvia nayo ni hivyo hivyo.

Maua ya salvia hupangana juu ya shina kama shuke. Kila ua ni bomba dogo lenye midomo miwili, wa juu na wa chini. Bomba hilo hutoka ndani ya kikombe. Ua likidondoka, kikombe hubaki, na mbegu hukomaa ndani yake, nne au pungufu. Mwenye macho mazuri atazame pia nyuzi zenye chavua, yaani ule unga wa ua. Kivumbasi kina nyuzi nne. Salvia ina mbili tu.

Sasa tazama lantana. Shina lake nalo lina pembe nne, na majani yake yananuka ukiyafikicha. Ndiyo maana watu hukosea. Lakini lantana ina miiba midogo shinani, na jani lake hukwaruza. Maua yake hayakai kama shuke. Hujikusanya pamoja kama kishungi kidogo, na kishungi kimoja huwa na rangi mbili au tatu, njano katikati na pengine nyekundu au waridi pembeni. Tunda lake ni la mviringo, la kijani, kisha huwa jeusi likiiva. Salvia haina tunda la namna hiyo kabisa.

Lantana ililetwa kutoka Marekani ya kitropiki ili iwe pambo na ua wa kuzungushia nyumba. Ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu. Huota vichaka vizito mpaka majani ya malisho yanakosa nafasi, na katika nchi zetu mbung'o wamekutwa wakijificha ndani ya vichaka hivyo. Ng'ombe aliyekula lantana nyingi huugua ini. Huacha kula na kufunga choo. Macho na ufizi huwa njano. Akikaa juani ngozi yake hupasuka, hasa penye rangi nyeupe. Mhamishe kivulini, kisha mwite mtaalamu wa mifugo upesi. Kama unayo lantana bomani, ichimbue pamoja na mizizi. Ukiikata tu, huchipua tena.

Ni salvia ipi?

Zipo salvia za kwetu. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki huota moja yenye maua madogo ya zambarau au meupe, ambayo wataalamu huiita Salvia nilotica. Lakini hizi tunazopanda kwa uzuri zimetoka mbali. Kuzitofautisha, usitazame ua peke yake. Tazama kikombe.

Kama kikombe ni chekundu sawasawa na ua, hiyo ni salvia nyekundu ya Brazili. Ndiyo inayong'aa kuliko zote. Lakini ina shida yake: inataka maji mara kwa mara, na mahali penye joto kali inataka kivuli cha mchana. Kama ua ni jekundu lakini kikombe ni cha kijani au cha zambarau kidogo, hiyo ni aina nyingine, Salvia coccinea. Hii huvumilia joto na ukame. Mimi humshauri anayeteka maji mbali achague hii. Hakuna haja ya mama kubeba ndoo ya pili kwa ajili ya maua.

Kikombe kikiwa kama kimepakwa unga, na ua ni la buluu, hiyo ni salvia ya buluu ya Meksiko. Kikombe kikiwa cha zambarau na laini kama kitambaa cha mahameli, nayo ni ya Meksiko, lakini hupenda zaidi sehemu za baridi ya milimani. Hiyo ya mwisho hupandwa kwa vipandikizi.

Nyumba moja, mama mwenye mizinga ya nyuki aliniuliza, "Bwana shamba, sasa maua haya yanaliwa?"

Nikamjibu, "Hayaliwi, mama. Lakini nyuki wako watakula."

Alicheka, akaomba miche kumi. Nyuki hufuata zaidi ile ya buluu. Zile nyekundu zina bomba refu, na huko kwao huhudumiwa na ndege wadogo wenye midomo mirefu. Hapa kwetu chozi ameifanya kazi hiyo. Watoto nao huchomoa ua na kufyonza utamu wake. Kwa sababu hiyo, usipulize maua dawa ya pamba au ya kahawa. Vidukari wakiingia, waoshe kwa maji ya sabuni. Wala usifanye majani haya mboga au dawa kwa kuwa tu yanafanana na mrehani.

Kupanda

Mbegu ni ndogo. Tia udongo laini uliochanganywa na mchanga katika kopo lenye matundu chini. Nyunyiza mbegu juu, zikandamize kidogo kwa kiganja, na usizifukie. Mbegu ya salvia nyekundu hutaka mwanga ili iote. Weka kopo chini ya kichanja, mvua isizipige. Baada ya wiki mbili hivi utaona miche. Usizidishe maji, kwani kinyausi huoza shina pale linapogusa udongo, na miche yote huanguka kwa siku mbili.

Mche ukiwa na majani manne au sita, uhamishe jioni. Acha sentimeta 30 kati ya mche na mche. Tia samadi iliyooza, lakini kidogo tu. Samadi nyingi huleta majani mengi na maua machache. Mche ukifika kimo cha kiganja, kata kilele chake. Utasikitika kuukata, lakini utatoa matawi mengi na kila tawi litakuwa na shuke lake. Maua huanza miezi miwili hadi mitatu tangu kusia mbegu.

Angalia jambo moja juu ya Salvia coccinea. Hujiotea yenyewe. Ng'oa miche inayotoka nje ya bustani, wala usitupe mashuke makavu malishoni au msituni. Huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo mwaka 1902 na kupanda mimea mingi ya nje. Baadhi yake ilitoka ikaingia msituni, na imo mpaka sasa.

Kwa mbegu, usingoje shuke zima likauke, maana mbegu hudondoka upesi. Vikombe vya chini vikianza kuwa vya kahawia, kata shuke, litie kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi, ulitundike mahali pakavu. Baada ya wiki moja tikisa mfuko. Pepeta, kisha weka mbegu ndani ya bahasha. Andika juu yake jina la ua, rangi ya kikombe, na mwezi uliovuna.