Bega Lililoumia na Picha ya Sauti



Karafuu huchumwa kwa mkono, na mwenye kuchuma hana budi kupanda. Mkarafuu mkubwa hupita futi 30, matagaa yake ni mepesi kukatika, na mchumaji hukaa humo saa nyingi, mkono mmoja ukishika na wa pili ukivuta vishada. Anayeanguka akanusurika hupelekwa hospitali, hupigwa picha ya eksirei, na mara nyingi hurudi na maneno mawili tu: mfupa mzima. Watu wa nyumbani hushukuru, naye hukandwa kwa maji ya moto. Miezi 6 baadaye mkono haufiki usawa wa kichwa. Mtu huyo hapandi tena, na wako wasemao kuwa amekuwa mvivu.

Twapenda kueleza kwa nini picha ile haikusema uwongo, wala haikusema yote.

Eksirei, aliyoigundua Röntgen mwaka 1895, hupita katika nyama na huzuiwa na mfupa. Kwa hiyo mfupa huonekana vizuri, lakini misuli na kano ni kama kivuli cha moshi. Sasa, bega limeshikwa na kano kuliko mfupa. Mfupa wa paja umezama katika kikombe chake. Mfupa wa mkono umeegemea kisahani kidogo tu, na misuli 4 itokayo katika kombe la bega huuzunguka kwa kano zake na kuuweka mahali pake. Kano hizo ndizo zinazochanika mtu anapoangukia mkono ulionyoshwa, au anaponing'inia kwa mkono mmoja baada ya tagaa kukatika chini ya mguu wake. Kwa mtu aliyepita miaka 40, bega likitenguka, mara nyingi kano nayo imechanika.

Chombo kiitwacho altrasaundi hutumia sauti. Sikio la mtu husikia mpaka mitetemo kiasi cha 20,000 kwa sekunde. Sauti inayotumika kutazamia viungo ni ya mitetemo milioni 7 hadi 15 au zaidi. Ngozi hupakwa utelezi, mfano wa ute wa bamia, ili hewa isikae katikati, kwani hewa huizuia sauti. Kisha kichwa cha chombo hupitishwa juu yake. Sauti huingia mwilini, na kila ikutanapo na kitu cha namna nyingine sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine hupima muda wa kurudi na kuchora picha palepale, kama chombo cha baharini kipimavyo kina cha maji.

Madaktari walikichukua chombo hiki kwa mafundi wa vyuma. Ian Donald wa Glasgow alianza na mashine ya kutafutia nyufa ndani ya vyuma vya kiwandani, na mwaka 1958 yeye na wenzake wakatangaza picha zao za matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1972 McDonald na Leopold wakatumia sauti kupambanua uvimbe wa maji nyuma ya goti na damu iliyoganda mshipani.

Kano nzima huonekana kama nyuzi za usumba zilizolazwa pamoja, zenye kung'aa. Iliyokatika huonyesha pengo, na mara nyingi maji meusi ndani yake. Faida kubwa ni kuwa mgonjwa huambiwa ainue mkono, aushushe, augeuze, na daktari akaiona kano ikienda au ikikwama. Kisha hutazama bega la pili kulinganisha. Katika mikono ya fundi, kano iliyokatika moja kwa moja huonekana karibu sawa na katika picha ya sumaku, ile iitwayo MRI. Iliyochanika nusu ni ngumu zaidi.

Tumesema "mikono ya fundi" kwa makusudi. Kichwa cha chombo kikilala upande kidogo, kano nzima huonekana nyeusi kama iliyochanika. Tena wako wazee wenye kano zilizochanika zamani wasiosikia maumivu yoyote. Basi mwelezeni daktari ajali ilivyokuwa, na kazi mliyokuwa mkiifanya siku ya kabla yake. Picha peke yake haitoshi.

Wengi watasema chombo hiki wamekiona kikitazama wajawazito. Ni kweli, na mashine yaweza kuwa ileile, lakini kile kichwa cha mviringo ni cha kutazama mbali ndani ya tumbo. Bega lataka kichwa bapa, chenye sauti nyembamba zaidi, na mtu aliyejifunza viungo. Ulizeni mambo yote mawili kabla ya kulipa nauli.

Sauti haipiti ndani ya mfupa, kwa hiyo eksirei haiachwi. Na aliyeanguka akaumia mgongo au shingo, akasikia ganzi miguuni, au mkojo ukamzuia, huyo si wa kungojea picha ya bega. Asibebwe kwa mabega na miguu. Ageuzwe na watu 4 kwa pamoja, kichwa na mgongo vikienda sawa, alazwe juu ya ubao au mlango, apelekwe hospitali hima.

Alama moja ya bega yafaa kila mwenye shamba aijue. Mkono ukiweza kuinuliwa na mtu mwingine, lakini mwenyewe hawezi kuuinua wala kuuzuia usianguke, shaka ni kano iliyokatika, au neva iliyoumia. Hapo muda ni mali. Kano iliyokatika kwa ajali hushoneka vizuri zaidi katika wiki za mwanzo. Ikiachwa, msuli hujivuta nyuma na kugeuka mafuta, na mpasuaji hukosa cha kushona. Kano ya kisigino vilevile yataka kutazamwa upesi: mgonjwa alale kifudifudi, shavu la mguu libinywe, na wayo usipotikisika apelekwe.

Wakandaji wetu hatuwakatazi kazi yao. Twaomba tu wasiuchue msuli uliovilia damu siku za mwanzo, maana kuchuliwa kwaweza kuzidisha damu ndani, na pengine mahali hapo pakaota mfupa. Mkono ufungwe kwa kitambaa shingoni, na picha zote, ya eksirei na ya sauti, ziwekwe nyumbani pamoja na cheti cha daktari.