Kilo 139 kwenye mdomo wa mpira

Pampu ya petroli ya inchi 3, ile wanayomwagilia mboga kwenye bonde la Ruvu, Kibaha, inaweza kusukuma maji hadi kimo cha mita 30 hivi. Kila mita 10 za kimo ni presha ya karibu baa 1. Ukifunga maji mbele ghafla, baa 3 zote zinarudi kwenye kiungo, na mpira unasukumwa utoke mdomoni kwa nguvu ya kilo 139. Karibu mifuko mitatu ya saruji inaning'inia kwenye klipu moja.

Sasa chukua kompyuta inayopozwa kwa maji. Pampu yake ndogo husukuma kimo cha mita 4 hivi, presha ileile ya simtanki lililowekwa kwenye mnara wa mita 4. Mpira wake una tundu la milimita 10. Zidisha presha kwa eneo la tundu, unapata gramu 320. Rejeta ya gari, yenye mpira wa milimita 38 na presha ya baa 1, iko katikati: kilo 11 na nusu.

Klipu inayobeba mizigo hii yote ni ya ukoo mmoja, mkanda wa chuma unaokazwa kwa skrubu. Lumley Robinson, aliyewahi kuwa kamanda katika jeshi la wanamaji la Uingereza, aliibuni mwaka 1921. Mafundi wetu wa rejeta wanaifungua na kuifunga kila siku kwa bisibisi. Swali ni wapi inalipa.

Ukitazama gramu 320 peke yake, kompyuta haihitaji klipu kabisa; mpira uliobana vizuri kwenye kiungo chenye matuta unatosha. Kinachobadilisha hesabu kwetu ni joto. Maji ya kupozea hayawezi kuwa baridi kuliko chumba yalimo. Januari ukanda wa Pwani unafika nyuzi 32, na maji yakipita kwenye prosesa kwa saa kadhaa yanafika 40 na zaidi. Plastiki laini ikipata moto hulegea, na ule mbano wake wa asili hupungua. Mfumo wa kawaida una pampu, rejeta, prosesa na kadi ya grafiki, kila kimoja kikiwa na mdomo wa kuingizia na wa kutolea maji: viungo 8. Tuseme klipu moja ni shilingi 1,000 na kadi ya grafiki ni shilingi milioni 2. Klipu 8 ni asilimia 0.4 ya bei ya kadi. Zikikuondolea hatari moja tu kati ya 250 ya kuiunguza kadi, zimejilipa. Mimi ningezifunga.

Ila si klipu yoyote. Ile ya skrubu, ikiwa ndogo sana, haibani duara kamili: chini ya nyumba ya skrubu mkanda unanyooka na kuacha mwanya. Kwenye mpira mwembamba, klipu ya waya au kiungo cha kokwa ya kukaza kwa mkono hubana sawasawa pande zote.

Ukitoka kwenye kompyuta ukaenda kwenye nyumba, hesabu inageuka. Mji wa Kisarawe unapata maji yanayosafishwa kwenye mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, wilayani Kibaha, kisha yanapandishwa kutoka Kibamba hadi kwenye tangi la lita milioni 6. Mradi huo ulizinduliwa Juni 2020. Mtambo wa Ruvu Juu una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, kwa hiyo uzalishaji wake wote ungelijaza tangi lile kwa dakika 44. Ukisikia tarakimu hizo, kitundu cha milimita 1 kwenye kiungo cha mpira unaopeleka maji kwenye simtanki kinaonekana si kitu. Lakini boya likishafunga, presha yote ya bomba inabaki kwenye mpira ule usiku na mchana. Kwa baa 3, kitundu hicho kinamwaga karibu lita 1,000 kwa siku, yaani uniti nzima. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,000 kwa uniti, ni shilingi 60,000 kwa mwezi, kwa kukosa klipu ya shilingi 1,000. Nyumba 1,000 zenye kitundu kama hicho zinamaliza moja ya sita ya tangi la Kisarawe kila siku, na tangi lile halijai bila umeme wa kupandisha maji mlimani.

Hasara inayoniuma zaidi haionekani kwa macho, nayo iko kwenye mpira wa kunyonyea wa pampu ya shambani. Huko maji hayasukumi, yanavutwa. Pampu ikikaa mita 5 juu ya mto, ndani ya mpira presha iko nusu baa chini ya hewa ya nje, na klipu iliyolegea haidondoshi hata tone. Inaingiza hewa. Injini inanguruma kama kawaida, petroli inakwenda, ila maji yanatoka kwa kukatakata. Mkulima anaanza kuilaumu injini. Kiangazi mto ukishuka, kimo cha kuvuta kinaongezeka na hewa inazidi kuingia, wakati uleule ambao mboga zinahitaji maji zaidi.

Tuseme maji yamepungua kwa theluthi. Kazi ya saa 6 inakuwa ya saa 9. Kwa lita moja na nusu ya petroli kila saa na shilingi 3,000 kwa lita, siku moja ya kumwagilia inakula shilingi 13,500 za ziada. Klipu mbili kubwa zenye alama ya W4, ambazo mkanda na skrubu vyote havishiki kutu, tuzipigie hata shilingi 5,000 kila moja: 10,000. Zenye alama ya W2 zina mkanda mzuri lakini skrubu yake hushika kutu, na kando ya mto skrubu ndiyo inayokufa kwanza. Na kwa kuwa mpira mpya hulegea kidogo ukishafanya kazi, zikaze tena baada ya siku ya kwanza.