Kihesabio Hakikosei, Kitufe Ndicho Kinachodunda

Swali ni lilelile na huja kwa maneno yaleyale. Saketi imeundwa kwenye bredibodi, IC ya kuhesabu, CD4017, imekaa mahali pake, taa 10 za LED zimepangwa mstari mmoja, lakini kitufe kikibonyezwa mara moja taa inaruka mbili, tatu, pengine tano. Anayeuliza ameshajipa jibu kabla hajauliza: IC ni feki. Ameshairudisha dukani, Luthuli Avenue au Kariakoo, akabadilishiwa, na ya pili nayo inaruka vilevile. Anachotaka sasa ni kuelekezwa duka linalouza IC orijino.

Hakuna duka litakalomsaidia. IC feki zipo sokoni, hilo halina ubishi, ila ugonjwa huu hautokani nazo. Kipimo ni rahisi na hakichukui dakika kumi: achukue IC ya 555, aitengenezee mapigo safi, pigo moja kila sekunde, ayaingize kwenye mguu wa 14 wa hiyo CD4017 anayoishutumu. Ataiona ikihama taa moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja, mpaka achoke kutazama.

Tatizo liko kwenye kitufe. Ndani yake mna vipande viwili vya chuma, na vinapokutana havitulii papo hapo. Hudunda kama mpira ulioangushwa sakafuni, vikigusana na kuachana mara kadhaa kabla ya kushikana. Mhandisi wa Marekani Jack Ganssle aliwahi kupima swichi za aina 18 na kukuta kwamba, ukiziacha zilizozidi kupita kiasi, kwa wastani hudunda kwa milisekunde 1.6 hivi; moja kati ya hizo zilizoachwa ilidunda kwa milisekunde 157. Kidole hakihisi lolote, jicho halioni. CD4017 inaona. Kwa umeme wa volti 5, watengenezaji wake huihakikishia uwezo wa kuhesabu mapigo milioni 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde moja kwake ni muda mrefu mno. Ikihesabu tatu, ni kwa sababu chuma kiligusana mara tatu. Imefanya kazi yake.

Na ndiyo kazi ambayo saketi za aina hii zilibuniwa kuifanya. Mwanafizikia C. E. Wynn-Williams, katika maabara ya Cavendish kule Cambridge, alitangaza kihesabio chake cha elektroniki mwaka 1932 kwa sababu vihesabio vya mitambo vilikuwa vinapitwa na chembe za mionzi zilizokuja kwa kasi. Kihesabio cha elektroniki hakiachi pigo lipite. Kukilaumu kwa hilo ni kukionea.

Sasa kuna dawa ya mitaani, na hiyo ndiyo inayostahili kuvunjwa kwa nafasi ya kutosha: "Bandika kapasita ya 104 kwenye kitufe, imeisha hiyo." Dawa hii husambazwa kwa uhakika mkubwa sana, wanafunzi huipokea kutoka kwa mafundi, mafundi wakaipokea kutoka kwa mafundi wenzao, na karibu hakuna anayeeleza inafanya nini.

Kapasita ya 104 ni nanofaradi 100. Ikiungwa pamoja na rezista ya kilo-omu 10, kama wengi wanavyofanya, volti haipandi ghafla tena bali hukokota, na huchukua milisekunde moja kufika karibu theluthi mbili ya safari. Kudunda kumefichika, ni kweli. Lakini kihesabio hakisomi ukubwa wa volti tu. Kinasubiri mruko kutoka chini kwenda juu, tena mruko mkali. Karatasi za kitaalamu za kihesabio cha 74HC163 zinataka mruko huo usizidi nanosekunde 500 umeme ukiwa volti 4.5. Milisekunde moja ni mara 2,000 ya hapo! CD4029 ni mvumilivu zaidi, nayo inaishia mikrosekunde 15.

Volti inapojikokota kuvuka kizingiti, vurugu ndogo tu ya umeme, mathalani LED inayowaka jirani au chaja isiyotulia, huisukuma juu ya kizingiti, ikairudisha chini, ikaipandisha tena. Kihesabio kinahesabu kila mvuko. Mtu aliyekimbia kudunda kwa chuma amejitengenezea kudunda kwa umeme, na hiki kipya ni kigumu zaidi kukifuatilia kwa sababu leo kipo na kesho hakipo.

"Mbona kwangu ilifanya kazi?" Ilifanya kazi kwa sababu alikuwa anatumia CD4017. Ndani ya IC hiyo, kwenye njia ya mapigo, watengenezaji wameweka triga ya Schmitt, na CD4026 inayoendesha tarakimu za LED inayo pia. Triga hiyo ina vizingiti viwili: volti ikipanda, hubadilika kwenye kile cha juu; ikishuka, hairudi mpaka ifike kile cha chini. Vurugu za katikati hazina nguvu. Otto Schmitt aliibuni mwaka 1934, akiwa bado mwanafunzi Marekani akichunguza mishipa ya fahamu ya ngisi. Kapasita imepewa sifa ambayo nusu yake ni ya triga. Dawa hiyohiyo ikihamishiwa 74HC163 inakwama, na mtu anarudi tena dukani kudai IC orijino.

Wapo wanaoona 104 haitoshi, wakapanda hadi mikrofaradi 10. Hapo kihesabio hakiruki tena, kinasahau. Kikitumika kuhesabu bidhaa, na vitu vikapita haraka mbele ya swichi, viwili vinahesabiwa kimoja, na hitilafu hiyo haigunduliki mpaka siku ya kulinganisha hesabu na stoo. Juu ya hayo, kapasita iliyobandikwa moja kwa moja kwenye kitufe humwaga chaji yake yote kila kinapobonyezwa, bila rezista ya kuizuia, na mkondo huo hukila kile chuma. Kitufe kinazidi kuharibika.

Tiba zipo. Iliyo bora kuliko zote ni swichi ya njia mbili yenye miguu mitatu, ikiungwa na geti mbili za NAND za CD4011 zinazoshikana: mguso wa kwanza unageuza hali, midundo inayofuata haibadilishi kitu. Kwa kitufe cha kawaida, rezista na kapasita vitumike, lakini lazima triga ya Schmitt ifuate, 74HC14 au CD40106, na rezista ndogo ikae kati ya kapasita na kitufe. IC ya 555 ya kutoa pigo moja inafaa pia, mradi pigo liwe refu kuliko muda wa kidole kukaa kwenye kitufe, la sivyo kudunda wakati wa kuachia kutazaa hesabu ya pili. Anayetumia Arduino asiongeze chochote: programu isome, ingoje milisekunde 20, isome tena. Kapasita ya 104 nayo ina mahali pake halali, kati ya mguu wa 16 na wa 8 wa CD4017, karibu kabisa na miguu yenyewe.

Miguu ya 13 na 15 ya CD4017 iende graundi kama haitumiki. Mguu wa 14 nao usiachwe ukining'inia kitufe kinapoachiwa. Uwe na rezista ya kilo-omu 10 inayoushika. Usipokuwa nayo, hunasa mawimbi ya umeme wa ukutani, hezi 50, na taa zitakimbia zenyewe mkono ukikaribia tu waya.